Roketi za kusaidia ndege kubwa za kijeshi kupaa: ziwashwe wakati gani?

MpimaUpepo aliandika:

Salaam, wanajukwaa. Kwa muda mrefu nimekuwa nikitazama picha za ndege ya uchukuzi ya C-130 Hercules ikiacha ardhi huku ndimi za moto zikitoka ubavuni mwake, na karibu kila mara maelezo yanayoambatana na picha hizo husema kwamba roketi ndizo zinazoipa ndege nguvu ya kuruka. Maelezo hayo yananitatiza, na namba zenyewe ndizo zinazonitatiza.

Chupa moja ya roketi, kama zinavyoitwa na wanaozitumia, ilitoa msukumo wa takriban kilo 450 kwa muda wa sekunde 15 hivi. C-130 ilifungwa chupa nane, nne kila upande wa bodi, nyuma ya magurudumu makuu. Kwa hiyo zote kwa pamoja zilitoa msukumo wa kilo 3,600 au zaidi kidogo, ilhali ndege yenyewe ikiwa imejaa inaweza kufikia tani 70. Huo ni msukumo wa asilimia tano tu ya uzito wake. Hauwezi kuinua chochote, na wala haukukusudiwa kufanya hivyo, kwa kuwa kazi ya kuinua ni ya mabawa. Tena ndege hiyo ina injini nne ambazo huirusha kila siku bila msaada wa roketi yoyote.

Kwa maoni yangu, basi, kinachonunuliwa kwa roketi hizi ni urefu wa njia ya kurukia: ndege inafikia kasi yake mapema na kuondoka mahali ambapo njia ni fupi mno. Swali langu ni moja. Ikiwa rubani ana sekunde 15 tu za moto, na hawezi kuuzima akishauwasha, auwashe wapi? Mimi naona auwashe mwanzoni kabisa, ndege inapokuwa nzito kusogea, kama vile watu wanaosukuma gari lililokwama wanavyojikaza zaidi mwanzoni kisha wakaliacha liende lenyewe. Naomba kusahihishwa.

Bawa_la_Nyuma aliandika:

Mkuu, kabla wenye hesabu hawajafika, niweke msingi wa kihistoria, kwa sababu jina lenyewe limewachanganya wengi. Kwa Kiingereza chombo hiki kilijulikana kwa ufupisho wa JATO (jet-assisted take-off, yaani kupaa kwa msaada wa jeti), ambamo herufi ya kwanza inasimama badala ya neno "jeti", ingawa ndani yake hamna jeti bali roketi tupu. Miaka ile neno "roketi" lilinuka hadithi za kubuni, na wataalamu walioomba fedha za jeshi waliona afadhali walikwepe. Ndiyo sababu hata maabara iliyozaliwa na kazi hiyo huko California, ambayo leo inapeleka vyombo kwenye sayari nyingine, inaitwa Jet Propulsion Laboratory.

Majaribio ya kwanza ya Marekani yalifanywa Agosti 1941 katika kiwanja cha March Field, chini ya kundi la Theodore von Kármán, Frank Malina na Jack Parsons. Ndege iliyotumika ilikuwa kijindege cha Ercoupe, na rubani alikuwa Homer Boushey. Tarehe 23 ya mwezi huo propela iliondolewa kabisa, na kijindege kikaruka kwa nguvu ya roketi peke yake. Tatizo kubwa lilikuwa baruti yenyewe: ikikaa ghalani ilipata nyufa, na mpasuko mdogo tu unaongeza eneo linaloungua, shinikizo linapanda ghafla na chupa inalipuka. Mwaka 1942 Parsons akaja na wazo la kuchanganya potasiamu pakloreti na lami, ndiyo, lami hii ya barabara, ikayeyushwa na kumiminwa ndani ya chupa. Mchanganyiko huo ulivumilia joto na baridi bila kupasuka, na ndio uliofanya chupa hizi ziweze kuwekwa akiba na kusafirishwa kama shehena ya kawaida.

Wajerumani walipita njia nyingine. Roketi zao za kampuni ya Walter zilitumia haidrojeni peroksidi, zikatoa msukumo wa kilo 500 kwa sekunde 30, kisha zikaachiwa na kushuka kwa parachuti ili zijazwe na kutumika tena. Zilifungwa hata kwenye Me 321, ndege kubwa mno isiyo na injini, yenye mabawa ya mita 55, ambayo ilivutwa na ndege tatu za Bf 110 kwa wakati mmoja. Ukiifikiria picha hiyo, ndege tatu mbele, kamba tatu, na lile dude nyuma likitema mvuke wa peroksidi, utaelewa kwa nini marubani wake hawakuipenda kazi hiyo.

Kanieneo aliandika:

Ndugu MpimaUpepo, mfano wako wa gari lililokwama ndio unaokupoteza. Gari lililokwama linashindwa kuanza. Ndege iliyo kwenye njia nzuri haishindwi kuanza. Hofu ni kwamba njia itaisha kabla haijafikia kasi inayotakiwa. Hayo ni matatizo mawili tofauti, na la pili lina jibu ambalo wengi hawalitarajii.

Tuchukue namba rahisi, tukipuuza ukinzani wa hewa ili hesabu isitutoke mikononi. Ndege inahitaji kasi ya mita 60 kwa sekunde ili ipae, yaani kilomita 216 kwa saa. Injini zake zinaiongezea kasi ya mita mbili kwa sekunde katika kila sekunde inayopita. Bila roketi itachukua sekunde 30 na kula mita 900 za njia. Sasa tuongeze roketi zinazotoa nusu mita zaidi katika kila sekunde, kwa sekunde 15, jambo ambalo linakaribiana sana na chupa nane kwenye ndege ya tani 70.

Ukiziwasha mwanzoni, sekunde 15 za kwanza zitakufikisha kwenye kasi ya mita 37.5 kwa sekunde ukiwa umetumia mita 281. Zilizobaki unazikamilisha kwa injini tupu, na unaipata kasi yako mwishoni mwa mita 830. Umeokoa mita 70.

Ukisubiri, ukaenda kwa injini tupu hadi kasi ya mita 22.5 kwa sekunde, utakuwa umetumia mita 127 tu. Washa hapo. Sekunde 15 baadaye uko kwenye kasi ya kupaa, na jumla ya njia uliyotumia ni mita 745. Umeokoa mita 155, yaani zaidi ya mara mbili ya akiba ya kwanza, kwa chupa zilezile na moto uleule.

Jambo la kuangalia hapa ni kwamba muda wa safari zote mbili ni mmoja, sekunde 26 na robo. Kilichobadilika ni mahali ndege ilipokuwa wakati huo. Anayewasha mapema anaipa ndege kasi mapema, na ndege yenye kasi inakula njia; sekunde ya kwanza ya mwendo hula mita moja tu, ilhali sekunde ya mwisho hula karibu mita 60. Anayechelewa anakaa kwenye mwendo wa pole kwa muda mrefu zaidi, mahali ambapo sekunde ni za bei nafuu, kisha anapita haraka katika sekunde zilizo ghali.

Na hali halisi inaupa uchelewaji uzito zaidi. Mvuto wa propela hupungua kadiri ndege inavyoongeza kasi, lakini msukumo wa roketi hautegemei kasi ya ndege, hivyo mchango wake unaonekana zaidi pale injini zinapoanza kulegea.

MpimaUpepo aliandika:

Nimeirudia hesabu hiyo mara mbili kwa kalamu na imetoka vilevile, Kanieneo. Nakiri nilikosea. Hata hivyo bado nina shaka moja: mbona zipo habari za ndege zilizowashiwa roketi zikiwa zimesimama kabisa?

MsomaRamani aliandika:

Habari hizo zipo, na iliyo mashuhuri kuliko zote inatoka Ncha ya Kusini ya dunia. Tarehe 31 Oktoba 1956 ndege ya R4D ya Jeshi la Majini la Marekani, ambayo ni ndege ya uchukuzi ya C-47 iliyopewa jina la kijeshi la majini na kuvalishwa skii, ilitua pale ikiwa imepewa jina la Que Sera Sera. Rubani alikuwa Conrad Shinn na ndani yake alikuwamo Admirali George Dufek. Walikaa chini dakika 49, injini zikinguruma muda wote, katika baridi ya karibu nyuzi 50 za Selsiasi chini ya sifuri.

Walipotaka kuondoka, ndege haikusogea. Skii zilikuwa zimegandia kwenye barafu. Injini zilipewa nguvu yote, hakuna kitu. Shinn akawasha chupa za mwanzo kati ya 15 alizokuwa nazo; ndege ikatikisika na kubaki palepale. Akaendelea kuwasha nyingine hadi zote zikaisha, na ndege ikajibandua, ikajikokota, ikaondoka kwa tabu. Mtu angemweleza Shinn hesabu ya mita 155 siku hiyo, sidhani kama angemsikiliza.

Miaka tisa kabla yake, Januari 1947, ndege za aina hiyohiyo ziliruka kwa roketi kutoka kwenye manowari ya kubebea ndege ya USS Philippine Sea kuelekea Antaktika, na Richard Byrd alikuwamo katika ya kwanza. Huko nako hapakuwa na nafasi ya kusubiri, kwa kuwa sitaha ni fupi na mwisho wake ni bahari.

Kanieneo aliandika:

Mfano mzuri, na unaikamilisha hoja. Shinn alikuwa na tatizo la kuanza, lile la gari lililokwama. Skii iliyoganda inahitaji kani ya kuibandua, na kani hiyo ama unayo ama huna. Ukiigawa kidogo kidogo inapotea bure. Kwenye sitaha ya manowari nako mbio zote zinaisha kabla chupa hazijaisha, kwa hiyo ukichelewa kuwasha unabeba moto ambao hutapata kuutumia. Kanuni ya kuchelewa inafanya kazi tu pale ambapo mbio ni ndefu kuliko muda wa moto na ndege inaweza kuanza yenyewe.

Niongeze mambo mawili kuhusu mahali pale. La kwanza, Ncha ya Kusini iko mita 2,800 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi: injini inapumua kwa shida, propela haina hewa ya kutosha ya kushika, na bawa linataka kasi kubwa zaidi ili libebe uzito uleule. Roketi haijali, maana oksijeni yake imechanganywa ndani ya fueli, na kwa hakika msukumo wake huongezeka kidogo hewa ya nje inapopungua. La pili linakwenda kinyume: fueli mango ikipoa sana huungua polepole, kwa hiyo chupa iliyolala kwenye baridi kali hutoa msukumo hafifu kwa muda mrefu zaidi. Kwa mtu anayehitaji kishindo cha kubandua skii, hiyo si habari njema.

Chuma_Moto aliandika:

Naona mazungumzo yamekaa upande wa manufaa tu. Naomba tuangalie na upande wa hatari, kwa sababu hatari hizi ndizo zilizoamua mwisho wa chupa hizi kuliko hesabu yoyote.

Roketi ya fueli mango haizimiki. Rubani akishabonyeza swichi, anaweza kukata injini, anaweza kubadili mawazo, lakini hawezi kuuondoa ule msukumo hadi fueli iishe. Chupa za upande mmoja zikikataa kuwaka, ndege inasukumwa upande kwa msukumo ambao usukani wa mkia lazima uumudu. Na chupa zenyewe zimening'inizwa nje ya bodi kwa vishikizo. Kishikizo kikikatika, unakuwa na kombora lisilo na mwelekeo karibu kabisa na mabawa yako.

Hilo lilitokea. Tarehe 4 Desemba 1971, LC-130 ya Marekani, yaani Hercules ya skii, ilikuwa ikiondoka kwenye kambi ya muda iitwayo D-59, mashariki mwa Antaktika. Ikiwa imetoka tu kwenye theluji, chupa ilichomoka kwenye kishikizo chake na kuharibu injini na propela. Ndege ilianguka na kuvunjika, ingawa hakuna aliyejeruhiwa. Ilionekana haifai kuokolewa, ikaachwa, na miaka ikapita theluji ikiifunika hadi ukabaki mkia tu unaochungulia.

Kisa hakikuishia hapo. Miaka ya themanini ikaamuliwa kwamba ni nafuu kuifukua na kuitengeneza kuliko kununua mpya. Desemba 1987 LC-130 nyingine iliyokuwa ikipeleka vipuri kwa ajili yake ilianguka hapohapo na watu wawili wakafariki. Mwezi mmoja baadaye, Januari 1988, ile ya zamani ikaruka kwa nguvu zake yenyewe, baada ya miaka 16 chini ya theluji. Mimi huwa nashindwa kuamua kama kisa hicho ni cha kusifu au cha kuhuzunisha, na nadhani ni vyote viwili.

Bawa_la_Nyuma aliandika:

Kama tunazungumzia wakati wa kuwasha na gharama ya kukosea, basi hatuwezi kuiruka operesheni ya siri ya Credible Sport ya mwaka 1980.

Aprili mwaka huo jaribio la Marekani la kuwaokoa mateka wake waliokuwa Tehran lilivunjika jangwani, na wanajeshi wanane wakafa. Mpango uliofuata ulikuwa wa ajabu: ndege ya C-130 itue ndani ya uwanja wa mpira wa Amjadieh, karibu na ubalozi wa Marekani, ipakie watu, kisha ipae kutoka ndani ya uwanja huohuo. Ili iwezekane, ndege ilifungwa roketi 30 zilizotolewa kwenye silaha zilizokuwapo tayari. Nyingine zilielekezwa mbele kwa ajili ya kufunga breki, nyingine chini kwa ajili ya kupunguza kishindo cha kushuka, nyingine nyuma kwa ajili ya kupaa, na chache ziliwekwa ili kuizuia ndege isiyumbe na mkia wake usigonge chini.

Tarehe 29 Oktoba 1980, katika jaribio huko Florida, sehemu ya kupaa ilikwenda vizuri. Kutua ndiko kulikoharibika. Roketi za breki za chini ziliwaka ndege ikiwa bado hewani, na zile za kupunguza kishindo hazikuwaka. Ndege ilisimama angani, tena mita chache tu juu ya ardhi, kisha ikadondoka kama gunia. Bawa la kulia likang'oka na moto ukawaka. Wote waliokuwamo walitoka hai. Siku chache baadaye ulifanyika uchaguzi wa Marekani, mazungumzo yaliyosimamiwa na Algeria yakaendelea, na mateka 52 wakaachiwa tarehe 20 Januari 1981 bila roketi yoyote kuhusika.

Kinachonishangaza ni kwamba hesabu ya msukumo ilikuwa sahihi. Roketi zilikuwa na uwezo wa kuisimamisha ndege, na ziliisimamisha kweli. Zilikosea kwa muda usiotosha hata kuvuta pumzi.

MsomaRamani aliandika:

Je, kuna mtu anayejua kwa nini siku hizi hatuzioni? Nina hakika njia fupi bado zipo.

Chuma_Moto aliandika:

Njia fupi zipo, chupa ndizo hazipo. Hizi ni bidhaa za enzi ya vita vya Vietnam, na utengenezaji ulipokoma watumiaji waliendelea kula akiba. Ile C-130 ya maonyesho ya kikosi cha Blue Angels, iliyojulikana kwa jina la Fat Albert, ilianza kuruka kwa roketi mwaka 1975, na mara ya mwisho ilikuwa Novemba 2009 huko Pensacola, kwa sababu akiba ilikuwa imekwisha. Huko Antaktika tatizo lilikuwa hilohilo, nalo likajibiwa kwa propela: badala ya zile za mapanga manne, LC-130 zilianza kuwekewa propela mpya za mapanga manane, ambazo hushika hewa vizuri zaidi kwenye mwendo wa pole, pale hasa skii zinapohitaji msaada.

Wasovieti nao walikuwa na jibu ambalo binafsi nalipenda zaidi. Ndege ya An-26 ina injini mbili za propela, lakini ndani ya kasha la injini ya kulia mmefichwa jeti ndogo ambayo huwashwa wakati wa kupaa na kuzimwa baadaye. Neno la kuzingatia hapo ni "kuzimwa". Jeti hiyo ni mzigo wa kudumu, unaobebwa hata siku usipouhitaji, lakini rubani anaimiliki mwanzo hadi mwisho, na kesho asubuhi itawaka tena bila mtu kwenda ghalani kuomba chupa nyingine.

MpimaUpepo aliandika:

Nawashukuru nyote. Nimebaki na jambo moja ambalo hesabu ya Kanieneo imenisaidia kulielewa, nalo ni zile picha zilizoniingiza kwenye mjadala huu. Ikiwa roketi nane zinaongeza asilimia tano tu, mbona Fat Albert ilipanda kwa mwinuko wa nyuzi 45 kama inayokwenda mwezini?

Jibu nadhani ni kwamba ndege ya maonyesho haikubeba shehena. Hercules tupu yenye mafuta ya kutosha onyesho fupi ina uzito wa tani 40 hivi, kwa hiyo chupa zilezile zinakuwa asilimia tisa ya uzito wake, na injini nne zenyewe zina nguvu nyingi za ziada hata kabla ya kuwasha chochote. Sehemu kubwa ya mwinuko ule, basi, ni kazi ya injini na wepesi wa ndege, na moshi mweupe ndio uliopewa sifa. Ndege iliyozihitaji roketi kwa dhati ilikuwa nzito, ilikuwa kwenye theluji laini au njia fupi, na ilipoondoka ilipita chinichini kwa muda mrefu, bila mtu wa kuipiga picha.

Kanieneo aliandika:

Ndivyo, mkuu. Na rubani wake alitaka chupa zibakize sekunde mbili tatu za moto baada ya magurudumu kuacha ardhi, kwa sababu zikizimika wakati uleule anaopaa, ndege inapoteza sehemu ya msukumo wake pale pale inapoanza kuhitaji kupanda. Ile hesabu yangu niliipigia hadi mwisho wa njia tu. Mtu akitaka kuitumia, aisogeze nyuma kidogo.